Kivuli Chini ya Mtulinga

Alhamisi, 3 Julai

Nimeshona kola za sare tangu asubuhi, kisha nikafunga cherehani kabla ya adhuhuri. Mtaa wetu mzima hapa Rumonge tumeitwa kupigwa picha ya kifua, hapa wanaiita radio. Sababu ni Mzee Ramadhani muuza makaa. Amekutwa na kifua kikuu, na sisi wote makaa tunanunua kwake. Sawa. Sikukataa.

Lori jeupe limeegeshwa uani kwenye kituo cha afya, jenereta inanguruma. Ndani kuna mashine ya picha na kompyuta inayoisoma picha yenyewe. Wametueleza vizuri. Kompyuta imefundishwa kwa kuonyeshwa mapafu ya watu wengi, wazima na wagonjwa, mpaka imejua kutofautisha. Ikiona ubaya inapaka rangi nyekundu mahali penyewe. Hakuna tena kumsubiri daktari atoke Bujumbura. Wanawake wakapiga makofi. Na mimi nilipiga.

Kijana wa kupiga picha anaitwa Fideli. Mpole. Akizungumza na mtu mzima anatazama chini. Zamu ya Mwajuma ilipofika akamwomba avue mtandio. Mwanangu mkufu alishautoa, vifungo vya chuma alishavitoa, sasa na mtandio? Nilikuwa mlangoni nimembeba mjukuu wangu Rukia. Lori lenyewe mlangoni halina hata pazia, na foleni ya wanaume imekodoa macho. Mwajuma ametoka arobaini ya uzazi Jumapili tu, ndiyo kwanza anaonekana nje.

Nikamwambia: "Kijana, kwani mapafu yako kichwani?"

Foleni nzima ilicheka. Fideli akasema pole mama, akaacha. Wanawake wote waliofuata wamepita na mitandio yao, hakumgusa mtu. Nimerudi nyumbani nimefurahi. Kuna mambo mtu akinyamaza yanakuwa desturi.

Ijumaa, 4 Julai

Nina hasira mpaka kalamu imetoboa karatasi.

Majibu wameyatoa uani, mbele ya watu. Madamu Konsolata, muuguzi mkuu, anaita jina na kuonyesha kidole. Kijani huku, nyekundu kule. Kama mbuzi siku ya soko.

Mimi kijani. Mimi ninayekohoa kila alfajiri kwa vumbi la vitambaa na moshi wa jiko. Mwajuma nyekundu.

Nilidhani wamekosea jina. Nikaenda mbele nikauliza. Madamu Konsolata akanigeuzia kompyuta ya kituo, nikaona mbavu za mwanangu, na upande wa kulia, chini ya mtulinga, ule mfupa wa chini ya shingo, doa jekundu linang'aa. Nikamwuliza yeye anaona nini hapo. Akasema mashine imeona. Nikarudia: wewe unaona nini? Akasema kazi yake si kuona, picha zote nyekundu zitaangaliwa na dogoteri. Lini? Lori likirudi naye. Limekwenda wapi? Muhuta. Litarudi lini? Petroli ikipatikana.

Kwa hiyo daktari tunamsubiri vilevile. Makofi tulimpigia nani?

Mwajuma hajakohoa tangu mwaka uanze. Anakula vizuri, analala vizuri, mtoto ananenepa. Nimesema yote hayo. Madamu akaniambia kifua kikuu kinaweza kukaa kimya. Halafu akasema, kama mtu anayetaja bei ya nyanya, kwamba mtoto akae mbali na mama yake mpaka makohozi yapimwe. Mtoto wa mwezi na nusu. Mwajuma aliketi chini palepale kwenye changarawe.

Zainabu wa vitumbua, jirani yangu, naye nyekundu. Na wanawake wengine wa mtaa wetu. Wanaume karibu wote kijani, na ndio wanaokaa kwa Ramadhani kutwa wakicheza karata.

Jumamosi, 5 Julai

Habari imefika Kabonga, kwa wakwe wa Mwajuma, kabla sijamaliza kuosha vyombo. Sijui nani alipiga simu. Mama Issa, mama mkwe wa Mwajuma, ameingia hapa mchana na kapu, amejifunga kitambaa puani. Issa mwenyewe yuko Kalemie, ng'ambo ya ziwa, na biashara zake, simu yake inasema haipatikani.

Hakuketi. Alisema: "Bamukwe, usinichukie. Mutoto ni wa kwetu, siwezi kumuacha mu nyumba iko na igituntu."

Igituntu. Kirundi chake ni Kirundi cha kawaida, kifua kikuu ni igituntu, lakini lilivyotoka mdomoni mwake lilikuwa kama tusi. Nilimjibu mambo ambayo siyaandiki. Alikuwa na maziwa ya kopo tayari, na chupa mpya.

Nilitaka kumzuia. Kwa neno gani? Muuguzi amesema. Mashine imesema. Mimi ni nani, mshona sare.

Mwajuma alibaki chumbani, mlango nusu wazi. Aliambiwa asimbusu. Akamtazama tu mpaka pikipiki ikaondoka. Nimewachukia watu wengi leo, na bado sijamaliza.

Jumatatu, 7 Julai

Tumekwenda kutoa makohozi. Amepewa kikopo, akaambiwa akohoe kutoka ndani. Akajaribu nyuma ya ukuta mpaka macho yakawa mekundu. Hana cha kukohoa. Kikopo kimerudi na mate matupu, nao wamekikataa. Jaribu tena Alhamisi.

Nimemwambia Madamu Konsolata kwamba mtu asiye na makohozi huenda hana ugonjwa. Akasema, "Mama, nyekundu ni nyekundu." Ana sauti ya mtu aliyechoka. Mimi pia nimechoka, lakini mimi sijamtenga mtoto wa mtu.

Nyumbani maziwa yanamuuma Mwajuma. Matiti yamekuwa magumu, ya moto. Ninamkanda kwa kitambaa cha maji moto, anakamua kwenye kikombe, na kikombe ninakwenda kukimwaga nyuma ya nyumba, kwenye mgomba. Kikombe kimejaa mpaka juu. Sijawahi kumwaga kitu kwa hasira namna ile.

Jumatano, 9 Julai

Sasa ni mimi.

Mteja mmoja amekuja kuchukua vitambaa vyake kabla sijavishona. Amebeba mfuko kwa ncha za vidole. Nikajua kuna neno linatembea. Jioni Zainabu akaja kusimama nje ya ua, hakuingia, yeye ambaye kwangu huingia bila hodi. Akasema: "Dada, banasema wote tuko na nyekundu tulikunywaga kahawa kwako."

Nimekaa nikafikiri, na ni kweli. Ndicho kinachoniua, ni kweli. Jumamosi ya kuamkia sherehe ya arobaini, wanawake wa mtaa walikaa hapa kwenye mkeka wangu toka asubuhi. Mimi nasuka, wao wanacheka, kahawa ya tangawizi inazunguka kikombe kimoja. Nilianza na Mwajuma, nikamsuka kwa nyuzi nyeusi za sufu, misuko mirefu, nikaivuta yote mbele bega la kulia kama mama yangu alivyonifanyia mimi nilipotoka arobaini na Mwajuma. Wengine wakasema na sisi hivyohivyo. Nikawasuka mpaka vidole vikafa ganzi. Zainabu nilimsuka. Na hao wengine wote wenye nyekundu, nilikuwa nao siku ile.

Kwa hiyo ugonjwa umetoka kwangu? Kwenye kikombe changu?

Lakini mimi nilikunywa humohumo, na mimi ni kijani. Hakuna anayetaka kusikia hilo.

Na mashine si mwongo wa moja kwa moja, ndiyo shida. Mke wa Ramadhani nayo ilimpaka nyekundu, naye hakohoi, na makohozi yake yamethibitisha. Ameanza dawa. Kwa hiyo watu wanasema, unaona? Inajua. Nimekivunja kile kikombe kwenye jiwe la kufulia. Halafu nikaokota vipande kwa hasira, nikajikata.

Ijumaa, 11 Julai

Jana Mwajuma alikubaliwa kikopo. Leo jibu: vijidudu havikuonekana. Nilishika mkono wa Madamu Konsolata nikamshukuru. Akautoa taratibu. Akasema makohozi yalikuwa mepesi, hayatoshi kuaminika, na doa liko juu kabisa ya pafu, mahali ambapo ugonjwa huu hupenda kukaa. Tusubiri dogoteri.

Kumbe kipimo kikisema ndiyo kinaaminika, kikisema hapana ni kipimo kibaya.

Mchana Mama Issa amepiga simu. Rukia anaharisha. Anaikataa chupa, analia, akiipokea anatapika. Wanachemsha maji, wanajitahidi. Nilimsikia Rukia nyuma ya sauti yake. Mwajuma naye alimsikia, maana alikuwa amelaza sikio mgongoni kwa simu.

Nilipoingia jikoni akatoka. Nimemkuta barabarani, amepita soko, anatembea kwa miguu kuelekea Nyanza-Lac, njia ya Kabonga. Magari hakuna, petroli hakuna, pikipiki chache zilizopo zinapita zimejaa. Angefika Kabonga vipi? Nilimpigia kelele mbele ya watu. Nilimwambia atafia njiani na wataandika kifua kikuu. Akaniambia heri afie njiani kuliko kwenye mkeka wangu.

Nimemrudisha nyumbani. Nimeingia chooni nikalia, maana ndiyo sehemu pekee yenye komeo.

Jumapili, 13 Julai

Maziwa yamepungua. Kikombe hakikufika nusu. Sitaki kuandika.

Jumanne, 15 Julai

Titi la kulia limekaribia kukauka. Mwajuma anakamua, anatazama, anakamua tena. Nimemkorogea uji wa mtama, nimempa supu ya samaki, nimemchemshia kila jani ambalo wanawake wanalitaja. Zainabu amepitisha vitumbua juu ya ua kwenye kisahani. Nimevipokea, nikarudisha kisahani.

Nimekwenda kituoni kuuliza lori. Mlinzi amenizuia getini. Amesema Madamu ameagiza nisiingie nisipokuwa mgonjwa. Nikamwambia nitakuwa mgonjwa sasa hivi, na nitaangukia mguuni pake. Akacheka, mjinga. Nami nikacheka kidogo, halafu nikakasirika kwa sababu nimecheka.

Ninaiwaza ile kompyuta. Haina macho, haina mtoto. Haijui Rukia ni nani. Imepaka rangi na kwenda zake Muhuta. Mtu akikosea unamshika shati. Hii utaishika wapi?

Alhamisi, 17 Julai

Nitaandika yote, hata kama nitalala nimechelewa. Hapana, nitaandika yanayotosha.

Lori limerudi. Dogoteri ni mwanamke, kijana, miwani, viatu vimejaa vumbi la njia. Leo mlinzi hakunizuia, nadhani aliona uso wangu. Nilikuwa nimejipanga. Hotuba nzima kichwani, kuanzia uani, kijani huku nyekundu kule, mpaka kikombe cha maziwa kwenye mgomba. Niliianza. Dogoteri aliniacha niseme, akaitikia kwa kichwa, akaomba kwanza aione picha.

Akabonyeza mahali. Rangi nyekundu ikatoka.

Sikujua inatoka. Madamu Konsolata naye, nilimtazama, hakujua. Chini ya rangi kulikuwa na picha yenyewe, nyeupe na nyeusi, na dogoteri akaikuza. Kulikuwa na mistari. Imejikunja, msokoto juu ya msokoto, inashuka kutoka shingoni, inapita juu ya mtulinga, inaingia kwenye pafu. Halafu inatoka. Inaendelea nje ya pafu, mpaka pembeni kabisa ambako hakuna mwili, hewa tu.

Akauliza polepole, siyo kwa ukali: "Mama, siku ile huyu dada alikuwa amesuka nywele?"

Nilijua kabla hajamaliza kuuliza. Msuko wangu naujua. Nyuzi za sufu, mafuta, na mwishoni fundo ninalolifunga mara mbili. Fundo lilikuwa pale. Niliona kazi ya vidole vyangu imelala juu ya pafu la mwanangu, na kwa ajili hiyo tumemnyang'anya mtoto.

Akafungua picha nyingine. Zainabu. Akafungua nyingine. Bega la kulia, bega la kulia, bega la kulia. Wote niliowasuka.

Dogoteri amesema kompyuta haijui nywele. Imefundishwa kwa picha za hospitali kubwa, watu wamevaa gauni la hospitali na nywele zimefungwa juu. Hakuna aliyewahi kuionyesha mwanamke amepigwa picha na mtandio wake na misuko ndani. Kivuli mahali pale inakijua kwa jina moja tu. Ndiyo maana picha nyekundu zinatakiwa kutazamwa na mtu kabla ya kumwambia mgonjwa chochote.

Kisha akamgeukia Fideli, kwa Kifaransa, halafu kwa Kiswahili ili na sisi tusikie. Kwa nini hakuwaambia wanawake wavue mitandio na kupandisha nywele? Ni kitu cha kwanza wanachofundishwa.

Fideli alitazama chini. Akasema: "Nilisahau, Dogoteri."

Nilikuwa nimesimama karibu naye, ningeweza kumgusa bega. Hakunitazama. Alikuwa tayari kuliacha liishie hapo, lote limwangukie yeye, kazi yake na jina lake, kwa sababu mimi ni mtu mzima na yeye amelelewa vizuri. Na mimi, Mungu ananiona, kwa pumzi moja nilifikiri kumwacha.

Nikasema: "Hakusahau. Mimi ndiye nilimfunga mdomo."

Nilitegemea dogoteri anitukane. Ningepumzika. Badala yake akaangalia mlango wa lori, ule usio na pazia, akaniuliza foleni ya wanaume ilikuwa wapi. Nikamwonyesha. Akauliza kama kulikuwa na mwanamke ndani wa kuwasaidia wanawake. Hapakuwa. Akaandika.

Halafu akauliza mtoto yuko wapi. Madamu Konsolata akaanza kueleza, na hapo ndipo nilipomwona dogoteri amekasirika kweli. Alisema hata kama mama angekuwa mgonjwa, mtoto angebaki, angenyonya, mama angefunga kitambaa mdomoni, mtoto angepewa kinga. Nani alisema mtoto aondoke? Nani? Madamu alikunja kiti kilichokuwa hakihitaji kukunjwa.

Nilikuwa nikimtafutia Madamu mtu wa kumgombeza tangu siku ile ya majibu. Leo amegombezwa mbele yangu, na haikunipa raha niliyoitegemea.

Wamempiga Mwajuma picha mpya. Nimeingia naye. Nimemfunga nywele utosini kwa kilemba changu mwenyewe, nimekaa kichwa wazi mbele ya Fideli, na kitenge changu nimekishikilia mlangoni kwa mikono yote miwili. Fideli aliomba radhi kabla ya kila kitu. Nilitamani anigombeze.

Mapafu safi. Meusi pande zote, kama yanavyotakiwa kuwa. Mwajuma hakulia. Aliuliza tu gari la Kabonga linaondokea wapi.

Ijumaa, 18 Julai

Lori lilikuwa linashuka Nyanza-Lac. Fideli akatubana mbele, kati yake na dereva. Njia nzima ziwa liko kulia na hakuna aliyelitazama. Nilitaka kumwambia samahani, nikaishia kumwambia shati lake limefumuka kwapani na anaweza kuniletea. Akasema ataleta.

Kabonga, Mama Issa alitutokea mlangoni na Rukia begani. Mtoto amepungua. Shingo imekuwa nyembamba. Nilifungua mdomo, na hasira yote ya njia ilikuwa tayari, halafu nikaona kifua cha Mama Issa, gauni limeloa matapishi ya maziwa ya kopo, macho hayajalala.

Nilimweleza kisa kizima, nywele na yote. Sikujificha. Alisikiliza, akaketi chini. Akasema: "Nilimulinda vile nilijua." Nikasema najua.

Mwajuma akampakata. Rukia akalikataa titi, akageuza uso. Akalia akitafuta chupa, mwanangu akamrudisha, akalikataa tena. Mara nyingi. Nilitoka nje nikasimama kwenye ukuta wa jikoni, nikaitukana kompyuta, nikamtukana Madamu, nikajitukana mimi, na kuku wakanitazama.

Hajanyonya leo.

Jumapili, 20 Julai

Bado tuko Kabonga. Mama Issa ametupa chumba chake.

Asubuhi Mwajuma aliniomba nimfumue. Nilikaa nyuma yake kitandani, nikafungua fundo moja moja, nyuzi nikaziweka mapajani. Nilimwuliza kama ninamvuta, akasema hapana. Nywele zilipokwisha nikazichana, nikazikusanya juu, nikazifunga.

Alhamisi lori linarudi Rumonge kuwapiga picha upya Zainabu na wenzake. Dogoteri ameniomba niwe ndani, upande wa wanawake. Nimekata kitambaa cha kaki nilichokuja nacho, kilichobaki kwenye sare, kitatosha pazia. Mama Issa ana sindano na uzi, ninakipinda kwa mkono. Nimekiwekea mfuko mdogo wa vibanio vya nywele.

Titi la kulia halijarudi vizuri. La kushoto lina maziwa. Mama Issa yuko jikoni anakoroga uji, nami nimeketi kizingitini na pazia langu. Mwajuma amelala ubavu, mtoto yuko kifuani kwake. Nyumba imenyamaza, na kutoka hapa ninamsikia Rukia anavyomeza.